Mashindano ya Majimbo ya Marekani kwa Fedha za Elimu

Mtu asomaye katiba ya Marekani hataliona neno elimu popote ndani yake. Jambo hilo liliachiwa majimbo, nayo kwa muda mrefu yaliilinda haki hiyo kwa wivu mkubwa. Serikali kuu ilipotaka kuwa na sauti katika shule ilibidi ipite mlango wa fedha. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyogawa msaada kwa kuhesabu watoto wa maskini: penye wengi palipata zaidi. Jimbo halikulazimika kujisifu wala kumshinda jirani. Umaskini wa watoto wake ulitosha kulisemea.

Mwaka 2009 ilizuka njia nyingine. Mwezi wa Februari, uchumi ukiwa taabani, Bunge la nchi lilipitisha sheria ya kuufufua, na ndani yake zikatengwa dola bilioni 4.35 chini ya Waziri wa Elimu, Arne Duncan. Julai yeye na Rais Barack Obama walitangaza kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo majimbo yatazishindania.

Maombi yalipimwa kwa alama 500. Alama 138 zilikuwa za walimu na wakuu wa shule, hasa namna ya kuwapima kwa maendeleo ya wanafunzi; zilizohusu kuziinua shule duni kabisa zilikuwa 50 tu. Waliotunga mtihani huo walijua walitakalo. Tena jimbo ambalo sheria yake ilizuia kumpima mwalimu kwa matokeo ya wanafunzi halikustahili hata kuingia.

Wakati huo hazina za majimbo zilikuwa tupu, na mwenye njaa hana miiko. California ilifuta kizuizi chake Oktoba 2009. New York, Mei 2010, iliongeza kikomo cha shule za mkataba, yaani zile zinazolipiwa na umma lakini zinaendeshwa na bodi zake zenyewe, kutoka 200 hadi 460. Texas peke yake, miongoni mwa majimbo makubwa, ilikataa waziwazi: Gavana Rick Perry alisema Januari 2010 kuwa hataomba.

Machi 2010 washindi walikuwa wawili, Delaware na Tennessee. Agosti wakaongezeka tisa pamoja na mji wa Washington. New Jersey ilikosa kwa alama tatu. Ilikuwa imejibu swali moja la bajeti kwa takwimu za miaka isiyoulizwa, na kosa hilo la karani likaigharimu alama zipatazo tano. Ombi lilikuwa la dola milioni 400. Kamishna wa elimu wa jimbo akafukuzwa kazi. Sioni kuwa mtoto wa Newark alikuwa na hitaji dogo zaidi siku ya pili yake.

Colorado nayo ilitunga sheria kali ya kupima walimu Mei 2010, ikashindwa Agosti, na Desemba 2011 ikapewa kama dola milioni 18. California haikushinda duru hata moja, wala haikurudishiwa sheria yake ya zamani. Fedha zote hizo hazikufikia hata senti moja katika kila dola iliyotumiwa na shule za umma za nchi kwa mwaka.

Desemba 2015 Bunge lilimkataza Waziri kuyashurutisha majimbo juu ya mitaala na upimaji wa walimu. Mgawo wa mwaka 1965, wa kuhesabu maskini, uliachwa uendelee.