Kikombe cha Samunge na Mti wa Mugariga

Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya mti mmoja na safari kubwa iliyofanywa kwa ajili yake. Sisi tukaao kando ya Ziwa Viktoria si wageni wa mizizi na magome. Tangu zamani waganga wa Usukuma, waitwao bafumu, wametibu homa na uvimbe kwa dawa za porini, na vyombo vyao vyaweza kuonekana hata leo katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza.

Basi mwaka 2011 habari zilivuma kwamba katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, anawanywesha watu kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Yasemwa kikombe hicho kilitibu kisukari, pumu, saratani, hata UKIMWI. Watu wa kwetu hawakungoja kushawishiwa. Wakatoka Mwanza, Musoma na Bukoba kwa mabasi na malori, wengi wakipitia Bunda na Mugumu. Na walipokaribia wakakuta msururu wa magari wenye urefu wa kilomita nyingi. Walilala njiani siku kadha wa kadha, na baadhi ya wagonjwa mahututi wakafa kabla ya kukifikia kikombe.

Mchungaji alisema ameoteshwa na Mungu. La ndoto si letu kulipima. Na tuutazame mti.

Mti wenyewe huitwa mugariga, na wataalamu wa mimea huuita Carissa edulis. Je, hauna kitu ndani yake? La, unacho. Mwaka 2006, yaani miaka mitano kabla ya safari zile, wachunguzi wa taasisi ya KEMRI ya Nairobi walitangaza kwamba maji ya mizizi yake yalivizuia virusi vya herpesi, viletavyo malengelenge ya midomoni na ya sehemu za siri. Na panya walioambukizwa, walipopewa dawa hiyo, waliishi muda mrefu zaidi. Lakini virusi hivyo si virusi vya UKIMWI. Vile hujificha katika mishipa ya fahamu. Hivi huingia katika chembe za damu zilindazo mwili, vikajiunga na asili yake. Kizuiacho vile si lazima kizuie hivi. Tena panya si mtu, wala kikombe si kipimo cha mizani.

Wazungu nao tangu kale walitumia gome la mti wa kwao, umeao kando ya mito, kutuliza maumivu na uvimbe. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alikitoa kile kitu kichungu kilichomo ndani ya gome. Hata hivyo aspirini, iliyo ya ukoo wake, ilipatikana katika hali safi mwaka 1897. Ni miaka 69 ya kupima na kupima tena.

Samunge hapakuwa na subira hiyo. Wako waliokunywa kikombe wakaacha dawa za hospitali za kupunguza makali ya UKIMWI, na virusi vikapata nafasi ya kuongezeka tena mwilini. Kwa maoni yetu hapo ndipo palipokuwa na msiba, wala si katika mzizi, kwa kuwa wataalamu wa serikali walisema haudhuru.

Mwasapila alifariki mwaka 2021, na misururu ilikuwa imekwisha zamani. Mugariga ungali unamea vichakani, na watoto wachungao ng'ombe huchuma matunda yake meusi, matamu, wakala.