Nani Alifyeka Msitu Kwanza? Kufuata Asili ya Koo za Kilimanjaro

Kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu kina habari nyingi za kahawa, bei, mizani na maghala, nazo zimeandikwa na wale wenye kuzijua. Mimi nimepewa kurasa hizi chache niandike jambo lisiloingia katika hesabu za mwaka, lakini lisilokosa kuulizwa kila Desemba watoto wetu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mombasa: sisi ni wa ukoo gani hasa, tulitoka wapi, na ni nani wetu aliyefika hapa mlimani kwanza?

Jibu litolewalo upesi, hasa mbege ikiwa imekwisha kuzunguka, ni kwamba babu yetu alikuta msitu mtupu, akaufyeka, na wengine wote wakamfuata. Jibu hilo ni tamu. Ubaya wake ni kwamba ukoo wa jirani nao husimulia vivyo hivyo, na wa ng'ambo ya korongo kadhalika. Yafaa basi tulipime kama tunavyopima kahawa, bila kumwonea mtu.

Koo nyingi za Kilimanjaro zenyewe husema kwamba zilitoka kwingine: Ukambani, Taita, Usambara, Upare, Meru, au kwenye uwanda wa Wamasai. Hawakuja siku moja wala chini ya kiongozi mmoja. Walikuja wachache wachache kwa muda wa karne kadhaa, huyu akikimbia njaa, yule akikimbia ugomvi wa nyumbani, mwingine akifuata ndovu. Kila mmoja alipanda mlima kwa upande wake, akakaa baina ya makorongo mawili, na korongo likawa mpaka wa usemi wake. Ndiyo sababu hata leo Mmachame na Mrombo wakisema lugha za nyumbani hawaelewani kwa urahisi. Na zamani mtu hakujiita Mchagga kwanza. Alijiita mtu wa Machame, wa Kibosho, wa Kilema au wa Keni.

Wala msitu haukuwa mtupu. Siwahesabu Wakonyingo, wale watu wafupi wasemwao katika hadithi kwamba waliishi juu karibu na Kibo. Hao tuwaachie wasimulizi wa jioni. Lakini upande wa Rombo walikuwako Wangasa, watu waliosema Kiongamo, lugha iliyo jamaa ya Kimasai, nao si watu wa hadithi. Wataalamu wa lugha wamekuta maneno ya Kiongamo ndani ya lugha zetu za Kichagga, na maneno hayahami hivi hivi kutoka kinywa hadi kinywa ila watu wamekaa pamoja muda mrefu, wamebadilishana mifugo na kuozana mabinti. Kwa hiyo yule tunayemwita wa kwanza huenda alikuwa wa kwanza wa jina letu tu, na huenda mke wake alikuwa binti wa wenyeji aliowakuta.

Tuulize sasa ni mtu wa namna gani aliyeacha moto wa kwao akaenda kulala porini. Wengi hudhani alikuwa shujaa au mwana wa mangi. Mimi naona desturi yetu ya urithi yatupa jibu jingine. Kwa desturi hiyo, kifungua mimba alipooa alipewa kihamba na baba yake, na kitinda mimba alibaki na nyumba ya wazazi, akawatunza uzeeni, akairithi migomba yao. Wale wa katikati walibaki wakitazama. Baba akiwa na ardhi ya kutosha waligawiwa; asipokuwa nayo ilikuwapasa kwenda kwa mangi na zawadi mkononi kuomba mahali, au kupanda juu penye msitu, au kuvuka korongo na kuwa wageni katika umangi mwingine. Basi ukifuata ukoo mpaka kwa mwanzilishi wake mahali fulani, mara nyingi humkuti mrithi mkubwa. Unamkuta mtoto wa katikati aliyekosa. Jambo hili halisemwi sana katika vikao vya ukoo, maana kila mtu apenda kutoka kwa mkubwa, nami sioni aibu iko wapi.

Mtu huyo akipata mahali aliacha alama, na alama hizo ndizo maandishi ya mababu zetu wasiojua kalamu. Alipanda isale kuzunguka mpaka wake. Mmea huu kila Mchagga aujua. Ndio unaochukuliwa mkononi kuomba msamaha, na aletewaye isale ni vigumu kukataa. Lakini kwa mfuata ukoo isale ni jiwe la mpaka. Husitawi muda mrefu kuliko nyumba, na ukikuta mstari wa isale kuukuu katikati ya kihamba, ujue hapo palikuwa na mpaka kabla ya viwanja viwili kuwa kimoja, au kabla ya kimoja kugawanywa kwa namna nyingine. Wazee walizikwa humo humo kihambani, na desturi hiyo haijakoma kwa wengi. Kwa hiyo mwenye kujua nani amelala chini ya mgomba upi anajua nusu ya habari za ukoo.

Alama kubwa kuliko zote ni mfongo. Wazungu waliopanda mlima huu katika karne ya 19 waliustaajabia, kwani waliona maji yakichukuliwa mbali katika mto juu msituni na kupitishwa kwa kipimo cha jicho tu kandokando ya mteremko, mpaka yakafika migombani na kwenye ulezi. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Mtu mmoja aliiona njia, akakusanya watu, akatoa sadaka, na wakachimba. Tangu hapo yeye, na baada yake uzao wake, aliitwa meni mfongo, yaani mwenye mfongo, na ndiye aliyesimamia zamu za maji na siku za kuuzibua. Mahali pengi mfongo wachukua jina la mchimbaji au la ukoo wake hadi leo, hata kama maji yamekauka au bomba limechukua kazi yake. Mimi naamini ushahidi wa mfongo kuliko hadithi ya sebuleni, kwa sababu hadithi husimuliwa na mtu mmoja penye watu wake, lakini jina la mfongo limekubaliwa na koo zote zilizokunywa maji yake, hata zile zisizopendana.

Baada ya alama za ardhi yafuata majina, na hapa wengi hupotea. Katika familia nyingi mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Desturi hii ina faida na hatari. Faida ni kwamba jina la upande wa mama halipotei. Ukiona katika ukoo jina geni, lisilosikika kwa mababa, uliza lilitoka kwa wajomba gani, na utafunguliwa mlango mwingine. Hatari ni kwamba majina yale yale mawili hupokezana: fulani mwana wa fulani, mwana wa yule yule wa kwanza kwa jina. Msimulizi akichoka huruka watu wawili bila kujua, au akijisifu huwahesabu mara mbili. Waliokufa bila watoto, na waliohama wasirudi, huachwa kabisa.

Dawa yake ni kumfunga kila babu kwenye jambo ambalo mwaka wake wajulikana. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alifika Kilema akapokewa na Mangi Masaki. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimtundika Mangi Meli huko Moshi pamoja na wenzake. Muulize mzee: babu yako alikuwa rika gani Meli aliponyongwa? Alikuwa amekwisha kuoa? Tena fanya hesabu. Tuseme mwanachama alizaliwa mwaka 1960, naye awataja mababa saba mfululizo bila kuruka. Tukihesabu miaka 30 kwa kila kizazi, huyo wa saba alizaliwa karibu na mwaka 1750. Tukihesabu 25, alizaliwa karibu na 1785. Tofauti ni miaka 35, si haba, lakini yatosha kumkatalia mtu asemaye kwamba baba yake wa saba ndiye aliyempokea Rebmann, kwani huyo angekuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, au karibu na 100.

Maandishi nayo yapo, tena si machache kama watu wadhanivyo. Vitabu vya ubatizo vya misioni za Wakatoliki na za Walutheri huanzia muongo wa 1890, navyo huandika wazazi. Nathaniel Mtui wa Marangu, mwalimu wa Kilutheri, aliandika katika muongo wa 1910 habari alizosikia kwa wazee waliozaliwa kabla ya Wajerumani kufika. Charles Dundas alitoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Mangi Petro Itosi Marealle akaandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947. Naye Kathleen Stahl akakusanya historia ya umangi wote katika kitabu cha mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya utawala wa wamangi kuondolewa. Visomwe, lakini visomwe kwa macho mawili. Habari nyingi humo ni za wamangi, zilizosimuliwa na watu wa wamangi, na ukoo usiotoa mangi hutajwa unaposhindwa tu. Vita vya zama za Horombo wa Keni, Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho vilihamisha watu wengi. Mateka walilelewa katika nyumba za watu, na wakimbizi walipewa ardhi na kuchukua jina la waliowapokea. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na jina la ukoo bila kuwa na damu yake, na hakuna kitabu kitakachomwambia.

Hata damu yenyewe tuihesabu sawasawa. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, na waliowazaa hao ni 8. Ukifika kizazi cha saba wamekuwa 128, ingawa pengine baadhi yao ni mtu yule yule aliyefikiwa kwa njia mbili. Katika hao 128, yule mfyeka msitu tunayemwimba ni mmoja. Na kwa kuwa mtu hakuruhusiwa kuoa ndani ya ukoo wake, mama wa kila kizazi alitoka ukoo mwingine, wa ng'ambo ya korongo au wa umangi mwingine. Migomba yenyewe, ambayo kwayo kihamba huitwa kihamba, ilitiwa samadi na wanawake hao, waliobeba majani kutoka tambarare kwa kichwa kulisha ng'ombe wa ndani. Ukoo ukisema “sisi tulifika kwanza” na kumaanisha wanaume tu, umeacha nje wengi wa waliofika.

Neno hili lina uzito katika baraza za ardhi. Tangu kahawa ianze kuleta fedha, kihamba kimekuwa mali, na vizazi vimekigawanya hadi vipande ambavyo nyumba na kaburi hugombania nafasi. Katika mashauri hayo “babu yetu alifyeka” husemwa ili kumtoa mtu: binti aliyerudi kwao, mjane asiye na mtoto wa kiume, au familia iliyopewa mahali na mangi miaka mia iliyopita, na ambayo bado inaitwa ya wageni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hilo lajulikana kwa maofisa wote wasomao kitabu hiki. Mfuata ukoo aongeza kwamba hata historia haiwaungi mkono wasemao hivyo, kwa sababu huyo babu mwenyewe alikuwa mtoto wa katikati asiye na ardhi, na alipokewa mahali na watu wasiokuwa ndugu zake.

Liko kabati moja la kumbukumbu ambalo wanahistoria hawalitazami, nalo ni letu sisi wana ushirika. Wakulima wa mlima huu waliunda chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Tangu hapo, kila mkulima aliyepeleka kahawa mizanini ameandikwa jina, mtaa na kilo. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika hamahama za namna hiyo vitabu ndivyo vya kwanza kuachwa sakafuni. Chama cha msingi chenye daftari la zamani, hata lililoliwa na mchwa nusu, kisilitupe. Mahali jina la baba linapokatwa na la mwana kuandikwa juu yake kwa wino mwingine, hapo pana mwaka wa urithi ulioandikwa na karani asiyekuwa na upande.

Na kwa madaftari yanayofunguliwa sasa, ningeomba makarani waongeze nafasi mbili ndogo kando ya jina la mwanachama mpya: ukoo wa mama yake, na jina la mfongo uliokuwa ukinywesha kihamba chake. Wazee waliopata kusimama zamu za mfongo wangaliko katika kila mtaa, nao hukaa barazani asubuhi ya siku za kupima kahawa.