Florissant: Misioni ya Mtakatifu Ferdinand na Watu Walioijenga



Kando ya kila mji mkubwa pana miji midogo. Watu hutoka humo asubuhi kwenda kazini, hurudi jioni kulala, wala wengi hawaulizi ulianzaje. Leo twataka kusimulia habari za mji mmoja wa namna hiyo. Jina lake ni Florissant, katika jimbo la Missouri, nchi ya Marekani. Uko karibu na mji mkubwa wa St. Louis, mwendo wa kilomita 25 hivi upande wa kaskazini-magharibi. Habari zake zatuhusu sisi Wakristo wa Kongo. Wamisionari wa Ubelgiji walifika kule zamani kabla ya kufika kwetu, tena watu wa damu ya Afrika walifika pamoja nao.

Kijiji cha wakulima

Nchi ile ilikuwa ya Wahindi wa Amerika, ndio wenyeji wake wa asili. Mwaka wa 1764 Wafransa walianzisha St. Louis kwa biashara ya ngozi za wanyama. Miaka ishirini hivi baadaye, jamaa kadhaa walitoka huko, wakatafuta udongo mzuri wa kulima. Waliupata katika bonde moja karibu na mto Missouri, wakaliita Fleurissant, maana yake mahali panapochanua maua. Lakini serikali ya siku zile ilikuwa ya Hispania. Kwa hiyo kijiji kilipewa jina la Mtakatifu Ferdinand, mfalme wa Kastilia. Mwaka wa 1787 watu walihesabiwa, wakaonekana 40 tu.

Kila jamaa ilikuwa na kiwanja chake kijijini, na shamba jembamba refu nje ya kijiji. Walijenga kanisa dogo la magogo, ingawa padri hakuwapo kila siku. Mwaka wa 1803 Napoleon aliiuza nchi ile yote kwa Marekani. Basi wakulima wale walibadilishiwa bendera bila kuulizwa neno.

Mama Philippine

Mwaka wa 1818 alifika upande ule Mama Rose Philippine Duchesne, sista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Alizaliwa Grenoble, Ufaransa, mwaka wa 1769. Tangu utoto alitamani kuwahubiri Wahindi. Kwanza alifungua shule mjini St. Charles, na mwaka uliofuata akahamia Florissant na masista wenzake. Baridi ilikuwa kali na chakula kilikuwa haba. Yeye mwenyewe alilala katika kijichumba chini ya ngazi, ili awe karibu na kapela asali usiku. Mwaka wa 1821 jiwe la msingi la kanisa la matofali liliwekwa karibu na konventi, na kanisa hilo lasimama hata leo. Mama Philippine alikuwa na umri wa miaka 71 alipopata ruhusa ya kwenda kukaa na Wahindi wa kabila la Potawatomi. Hakuweza kujifunza lugha yao, lakini walimwona akisali saa nyingi, wakamheshimu. Alikufa mwaka wa 1852. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka wa 1988.

Wayezuiti wa Ubelgiji

Askofu DuBourg alihitaji mapadri, akawaomba Wayezuiti waliokuwa Maryland, mashariki ya nchi. Mwezi wa 4 mwaka wa 1823, Padri Charles Van Quickenborne aliondoka huko na kundi dogo, na ndani yake novisi saba, vijana wa Ubelgiji. Mmoja wao alikuwa Pierre-Jean De Smet, ambaye baadaye alisifiwa sana kwa safari zake kati ya Wahindi. Walivuka milima, wakateremka mto Ohio kwa mashua, kisha wakakaza mwendo kwa miguu. Karibu na mwisho wa mwezi wa 5 walikuwa wamefika. Askofu aliwapa shamba karibu na Florissant, nao wakaanzisha novisiati ya Mtakatifu Stanislaus. Mwaka uliofuata walifungua shule ya watoto wa Wahindi. Miaka 70 baadaye, mwaka wa 1893, Wayezuiti wengine wa Ubelgiji walifika Kongo, upande wa Kwango.

Wale sita

Hapa sharti tuseme jambo ambalo vitabu vingi vya misioni vililiruka. Katika safari ile ya 1823 walikuwamo watu sita weusi, waume watatu na wake zao: Thomas Brown na Mary, Moses Queen na Nancy, Isaac Queen-Hawkins na Susanna. Hawakuwa katekista wala novisi. Walikuwa watumwa wa Wayezuiti wa Maryland, nao walitolewa wakalime, wapike, wafue na kujenga katika misioni mpya. Baadaye wengine waliletwa. Jasho lao lililisha novisiati na shule. Shirika la Mama Philippine nalo lilikuwa na watumwa huko Louisiana.

Mwaka wa 1833 Thomas Brown aliandikiwa barua kwa mkubwa wa Wayezuiti wa Maryland. Alisema amewatumikia mapadri kwa uaminifu karibu miaka 38. Sasa yeye na mke wake ni wazee, nao wakaa katika nyumba mbovu inayopitisha baridi. Aliomba anunue uhuru wao wote wawili kwa dola 100. Fikirini, wapenzi: mzee aliyefanya kazi maisha yake yote aomba ruhusa ya kujinunua mwenyewe!

Mwaka wa 1839 Papa Gregori wa Kumi na Sita alikataza kwa ukali biashara ya watumwa. Hata hivyo, Missouri utumwa ulikwisha tu mwezi wa 1 mwaka wa 1865, kwa amri ya serikali. Sisi wa Kongo twakumbuka jinsi wamisionari wa ziwa Tanganyika walivyowakomboa watumwa na kuwalinda. Ni kweli, na twamshukuru Mungu. Lakini kweli hii haiifuti kweli ile.

Faida yetu

Wengine watauliza: Je, si aibu kuyasema haya ya Kanisa? Aibu ni kuyaficha. Injili yenyewe haikuficha kwamba Petro alimkana Bwana, na Petro alibaki mwamba. Mwaka wa 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikwenda kisiwa cha Gorée, Senegal, akaomba msamaha wa mbingu kwa dhambi ile iliyotendwa juu ya Waafrika. Tangu 2016 Wayezuiti wa St. Louis wanatafuta majina ya watumwa wao wa zamani, na kukutana na wajukuu wa wajukuu wao.

Florissant ilibaki kijiji muda mrefu. Mwaka wa 1950 ilikuwa na watu kama 3,700, na mwaka wa 1960 walifika 38,000 hivi, kwa kuwa watu wa St. Louis walihamia pembeni ya mji. Siku hizi wapita elfu hamsini, na Wamarekani weusi ni wengi kati yao.

Na sisi je? Kila parokia yetu ina picha ya padri wa kwanza. Lakini nani alichoma matofali? Nani alibeba mawe kichwani, nani alipika, katekista gani alifundisha vijijini kabla padri hajafika? Wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Twende kwao na daftari, tuandike majina hayo, kisha tuyaweke pamoja na vitabu vya ubatizo. Mungu ayajua yote. Ni sisi tunaosahau.