Tiba kwa Vijidudu Hai

Tiba kwa vijidudu hai ni utabibu wa kumtia mgonjwa, kwa makusudi na kwa kipimo, kijidudu kilicho na uhai, ili kipambane na maradhi yake au kiuamshe mwili upambane nayo wenyewe. Haina budi ipambanuliwe na chanjo, ambayo hupewa mwenye siha ili maradhi yasimfike, na vilevile na dawa mfano wa penisilini, ambayo ingawa asili yake ni ukungu, imfikiapo mgonjwa haina tena uhai wowote. Sifa ya dawa iliyo hai ni kwamba ikiisha kuingia mwilini huzaana na kwenda itakako. Ndiyo maana tarehe yote ya elimu hii ni tarehe ya kutafuta hatamu, na popote hatamu ilipokosekana, tabibu aliongeza maradhi juu ya maradhi.

Hivyo ndivyo ilivyomjia William Coley, mpasuaji wa New York, ambaye mwaka 1891 alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani bakteria hai wa erisipela, maradhi makali ya ngozi, baada ya kukuta katika daftari za hospitali habari za mtu aliyetoweka uvimbe wake alipopatwa na erisipela. Baadhi walipata nafuu ya ajabu, wengine wakauawa na erisipela yenyewe, naye akageukia bakteria waliokwisha kufa.

Aliyeipata hatamu ni Julius Wagner-Jauregg, tabibu wa wagonjwa wa akili katika mji wa Vienna. Zama zake hospitali za wendawazimu za Ulaya zilijaa watu walioingiwa na kaswende ubongoni, maradhi yaliyomzukia mtu miaka mingi baada ya kuambukizwa, yakamvuruga akili, yakampooza viungo, na aghalabu yakamwua katika muda wa miaka michache, wala dawa mujarabu haikuwapo. Tangu 1887 alikuwa ameandika kwamba wako wendawazimu wapatao ahueni wakishikwa na homa kali, akajaribu kuizusha homa hiyo kwa njia mbalimbali pasipo kuridhika, hata mwezi wa Juni 1917, Vita Kuu vikiwa vingali vinaendelea, akapatikana hospitalini askari aliyerudi na malaria kutoka Makedonia. Akatwaa damu yake na kuwatia wagonjwa 9. Malaria hiyo ilikuwa ya Plasmodium vivax, ambayo homa yake hupanda kila baada ya saa 48 lakini kwa nadra huua, na, lililo kubwa kuliko yote, dawa yake ilikuwa inajulikana: mgonjwa aliachwa atetemeke na kuungua kwa homa kama 10 hivi, kisha akanyweshwa kwinini, malaria ikaondoka. Katika hao 9, watu 6 walipata nafuu kubwa, na 3 kati yao nafuu yao ikadumu. Mwaka 1927 Wagner-Jauregg alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo matabibu walikhitilafiana juu ya siri yenyewe, wengine wakishika kwamba vijidudu vya kaswende huangamizwa na joto, wengine kwamba malaria huuamsha mwili mzima, na penisilini ikaingia kabla hawajaafikiana.

Sifa hizo zisitufumbe macho. Wapo waliotiwa kwa makosa damu yenye Plasmodium falciparum, malaria ile kali tuijuayo sana huku kwetu, wakafa. Na hata katika ile nyepesi, waliokwisha kudhoofika hawakuihimili. Tena waliotibiwa walikuwa watu waliopotewa na akili, wasioweza kukubali wala kukataa, na kwa maoni ya mwandishi huyu dhulma hiyo haifutwi na ukweli kwamba wengi wao wangalikufa vyovyote.

Tiba hii iliiachia dunia elimu ambayo watu wa nchi za malaria wananufaika nayo hata leo. Katika hospitali ya Horton, mjini Epsom, Uingereza, mbu walifugwa na kuambukizwa ili wawaume wagonjwa wa kaswende, na ni kwa mbu wa huko kwamba mwaka 1948 H. E. Shortt na P. C. C. Garnham, huyu wa pili akiwa ametumikia miaka mingi katika utabibu wa serikali ya Kenya, walithibitisha kwamba kijidudu cha Plasmodium vivax hujificha kwanza ndani ya ini kabla hakijaingia katika damu. Huko Marekani nako ilidhihirika kwamba wagonjwa wengi wenye asili ya Afrika hawashikwi na vivax hata wakitiwa damu yake. Sababu, yaani kukosekana kwa alama iitwayo Duffy juu ya seli nyekundu za damu, ilibainika katika miaka ya 1970. Penisilini, iliyoanza kutibu kaswende mwaka 1943, ndiyo iliyoikomesha tiba ya malaria.

Hatamu ya aina nyingine ni kukidhoofisha kijidudu chenyewe. Albert Calmette na Camille Guérin, wakifanya kazi mjini Lille, Ufaransa, waliwaotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyotiwa nyongo, wakawahamisha mara 230 katika miaka 13, hata wakapoteza ukali wao. Ndiyo chanjo ya BCG, iliyotumika kwanza mwaka 1921, ambayo kovu lake liko mikononi mwa watu wengi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Kingston, Kanada, alieleza jinsi alivyowatia BCG hai ndani ya kibofu cha mkojo wagonjwa 9 wenye saratani ya ngozi ya ndani ya kibofu, mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 6, kinga ya mwili ikavamia pale na saratani ikapungua kurejea. Tiba hii ingali ikitumika ulimwenguni kote.

Bakteriofaji, virusi vilavyo bakteria, hatamu yao ni ya maumbile: kila namna hushambulia bakteria wake mahsusi tu, na windo likiisha nao hutoweka. Félix d'Herelle aliwatangaza mwaka huohuo wa 1917, na mjini Tbilisi, Georgia, chuo alichokiasisi George Eliava kingali kinawatengeneza, ingawa Eliava mwenyewe aliuawa na serikali ya Stalin mwaka 1937.

Iliyo ngumu kutiwa hatamu ni tiba ya kumpa mgonjwa kinyesi cha mwenye siha, ambacho ndani yake mna jamii nzima ya bakteria. Hutumiwa kwa aliyeshikwa na kuhara kwa Clostridioides difficile, bakteria astawiye pale antibiotiki zilipowafagia wenzake wa utumbo. Jaribio la Uholanzi lililotangazwa 2013 liliwaponya wagonjwa 13 kati ya 16 kwa kutiwa mara moja, ilhali waliopewa dawa ya vankomisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Lakini mwaka 2019 mgonjwa mmoja wa Marekani alifariki kwa bakteria sugu waliotoka kwa mtoaji, na tangu hapo vinyesi vya watoaji huko hupimwa bakteria wa namna hiyo kabla ya kutumiwa.