Azimio la Bogotá la 1976 na Suala la Mamlaka juu ya Anga ya Ikweta

Tarehe 3 Desemba 1976, katika mji wa Bogotá, wajumbe wa Kolombia, Kongo, Ekuador, Indonesia, Kenya, Uganda na Zaire walitia sahihi azimio ambalo tangu hapo hutajwa katika vitabu vya sheria ya kimataifa kwa mstari mmoja au miwili, na aghalabu kwa dhihaka. Brazil ilihudhuria kama mtazamaji. Gabon na Somalia, ambazo nazo hupitiwa na ikweta, hazimo katika orodha ya waliotia sahihi. Azimio lilidai kwamba ule mzingo ulio juu ya ikweta, ambamo setilaiti huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja, si sehemu ya anga za juu, bali ni mali ya asili ya nchi zilizo chini yake. Na kwamba chombo chochote kitakachowekwa humo kwa kudumu sharti kipate kwanza idhini ya wazi ya nchi inayohusika. Makala haya yanachunguza dai hilo lilitoka wapi, lilishindwaje, na ni kitu gani kilichosalia baada ya kushindwa kwake. Itaonekana kwamba lililoshindwa ni dai la milki, ilhali katika lugha ya mikataba iliyofuata azimio liliacha alama ambayo haijafutika.

Kwanza yafaa kueleza kitu chenyewe kilichogombewa. Katika umbali wa takriban kilomita 35,786 juu ya ikweta, chombo huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia huutumia kujizungusha juu ya mhimili wake. Kwa hiyo mtu aliye chini hukiona mahali pale pale usiku na mchana, wala hahitaji kugeuza antena yake kukifuata. Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza manufaa ya jambo hilo kwa mawasiliano ya redio mwaka 1945. Mwaka 1964 Marekani ikakiweka Syncom 3 katika mzingo huo. Kenya yenyewe iliingia katika mtandao wa mawasiliano ya aina hii mwaka 1970, kituo cha Longonot kilipofunguliwa katika Bonde la Ufa. Mzingo huu ni mmoja tu, na vyombo vikikaribiana mno mawimbi yao huingiliana; ndipo likazuka suala la nani apewe nafasi. Duru yake nzima ina urefu wa kilomita zipatazo 265,000. Kenya, ambayo kwenye ikweta ina upana wa nyuzi kama 7, ingekuwa na kipande cha kilomita zipatazo 5,000 huko juu, yaani kipana kuliko nchi yenyewe mara sita na zaidi.

Sheria iliyokuwapo haikulijibu suala hilo moja kwa moja. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulikwisha kukubali kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Lakini Sputnik ya Warusi iliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957 ilipita juu ya nchi nyingi bila ya kuomba ruhusa, na hapakuwa na dola iliyodai kwamba mipaka yake imevunjwa. Kimya hicho kilikuwa na uzito wa kisheria. Mkataba wa Anga za Juu, uliofunguliwa kwa sahihi London, Moscow na Washington tarehe 27 Januari 1967, ulikitia muhuri: kifungu cha pili chakataza dola yoyote kuzimiliki anga hizo kwa kudai mamlaka, kwa kuzitumia, kwa kuzikalia au kwa njia nyingine yoyote. (Siku chache tu baadaye, mapema Februari, Azimio la Arusha lilitangazwa. Hati hizo mbili hazikuhusiana, lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia neno «azimio» la Bogotá bila ya kuisikia sauti ya lile la Arusha, na suala la nani anamiliki njia za uchumi.) Hata hivyo mkataba wa 1967 haukusema anga za juu huanzia wapi. Hapo ndipo wajumbe wa Bogotá walipopenya.

Mwanya huu unaonekana dhahiri zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha nyingi. Neno «anga» lina maana ya mwangaza, na lina maana ya nafasi iliyo baina ya ardhi na mbingu. Ndilo hilo hilo linalotumika kwa anga ya nchi ambamo ndege huruka kwa ruhusa, na kwa anga za juu ambamo hakuna ruhusa inayotakiwa. Kinachozitenga ni kivumishi tu. Mfasiri wa sheria hulazimika kuuweka mpaka ambao wenye mkataba wenyewe hawakuuweka, na kila neno alichagualo, liwe «za juu», «za nje» au «za mbali», laelekea kujibu swali ambalo mkataba uliliacha wazi.

Ugumu huo haukuwa wa Kiswahili peke yake. Kifungu cha kwanza cha mkataba chasema kwamba uchunguzi na matumizi ya anga za juu ni kwa manufaa ya nchi zote, kisha chaongeza sifa moja inayowahusu wanadamu wote. Katika sifa hiyo nakala rasmi zatengana. Nakala ya Kiingereza hutumia neno ambalo kwa kawaida lina maana ya jimbo, au uwanja wa shughuli za mtu. Kifaransa hutumia «apanage», neno la enzi za wafalme lililotaja ardhi walizogawiwa wana wa kifalme wasiorithi kiti. Kirusi hutumia «dostoyanie», yaani mali ya pamoja, kitu cha kurithiwa. Kihispania, ambayo ndiyo lugha ya wenyeji wa mkutano wa Bogotá, hakina nomino hapo; kinatumia kitenzi chenye maana ya kuwahusu au kuwapasa wanadamu wote. Kwa hiyo msomaji wa Kirusi aweza kudhani kwamba wanadamu wamepewa mali, na yule wa Kihispania kwamba wamepewa wajibu. Ingawa nakala zote zina nguvu sawa kisheria, hazisemi jambo moja. Waliowacheka wajumbe wa Bogotá kwa kuchezea maneno hawakuwa na haki ya kujiona kwamba wao wamesimama juu ya maneno imara.

Azimio lenyewe lilijengwa juu ya hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba mzingo huo wategemea mvutano wa dunia, kwa hiyo ni mali ya asili ya dunia wala si sehemu ya anga za juu. Ya pili ni kwamba Umoja wa Mataifa ulikwisha kukubali mamlaka ya kudumu ya kila taifa juu ya mali yake ya asili, na kwamba mkataba wa mawasiliano wa Málaga-Torremolinos wa 1973 ulikiri kwamba mzingo huo ni mali ya asili yenye kikomo. Ya tatu ilikuwa ya kihistoria: kwamba nchi changa zilipoukabili mkataba wa 1967 hazikuwa na wataalamu wa kutosha wa kuzitambulisha kasoro zake. Vipande vilivyo juu ya bahari kuu viliachwa kuwa urithi wa wanadamu wote.

Kwa nini Kenya ilijiunga na dai kama hilo? Jibu lenye nguvu zaidi, ijapokuwa ni la kukisia kutokana na mfuatano wa mambo, laonekana baharini. Mwaka 1972 Kenya ilipeleka mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya sakafu ya bahari rasimu iliyoeleza wazo la ukanda wa kiuchumi wa maili 200, wazo lililotetewa hasa na mwanasheria wake Frank Njenga. Mataifa makubwa yenye manowari na meli za uvuvi yalilipinga. Baada ya miaka michache upinzani ulilegea; Kenya ikautangaza ukanda wake mwaka 1979, na mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 ukalifanya wazo hilo kuwa sheria ya ulimwengu. Mjumbe aliyeketi Bogotá mwaka 1976 alikuwa ameshuhudia dai lililoitwa la ajabu likigeuka kuwa kanuni. Hapakuwa na sababu ya kudhani kwamba lililowezekana kwa maji lisingewezekana kwa anga.

Lakini bahari ilikuwa na jambo ambalo anga haikuwa nalo. Nchi ya pwani yaweza kupeleka mashua na kumkamata mvuvi mgeni, bali hakuna nchi ya ikweta iliyoweza kukiondoa chombo kilicho juu kilomita 35,786. Tena hoja ya mvutano ilikuwa dhaifu: mvutano hutokana na dunia nzima, si na ardhi ya ikweta tu, na setilaiti zote, hata zile za chini, hutegemea mvutano huo huo. Kama hoja ingekubaliwa, basi pasingebaki anga za juu kabisa. Kulikuwa na kasoro za kisiasa pia. Uganda ilikuwa mwanachama wa mkataba wa 1967 tangu 1968, na Ekuador tangu 1969; zilikuwa zikikana mkono wao wenyewe. Indonesia ilikuwa imekwisha kuiweka Palapa yake katika mzingo mnamo Julai 1976, kwa roketi ya Marekani, miezi mitano kabla ya kutia sahihi. Na Longonot ilikuwa ikizungumza na setilaiti iliyokuwa juu ya Bahari ya Hindi, yaani nje ya kipande ambacho Kenya ingedai. Kipande hicho kingeipa Kenya kodi labda, lakini kisingeipa simu.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mataifa ya Magharibi na Urusi ya Kisovyeti, yaliyokuwa yakipingana katika mambo mengi, yaliungana kulikataa azimio katika Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu. Lililo muhimu zaidi lilitendeka kwingine, katika Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, na mara hii Nairobi. Mkataba wa 1973 ulikuwa umesema kwamba nchi zipate fursa ya haki ya kuutumia mzingo kwa kadiri ya mahitaji yao na ya vifaa vya kiufundi walivyo navyo. Sharti hilo la vifaa lilikuwa na maana kwamba asiye na kitu angoje. Mkutano mkuu wa Nairobi wa 1982 uliliondoa, na mahali pake ukaweka maneno mengine: kuzingatia mahitaji maalumu ya nchi zinazoendelea, na hali ya kijiografia ya nchi mahsusi. Neno «ikweta» halimo, wala «mamlaka». Lakini maneno hayo ya jiografia hayaelezeki bila ya Bogotá. Mikutano ya 1985 na 1988 iliendelea hadi ikakubali kwamba katika baadhi ya masafa kila nchi iwekewe angalau nafasi moja, hata kama haina chombo cha kuiweka humo.

Utaratibu wa anayetangulia kuomba ndiye apewe haukufa, hata hivyo. Kuanzia 1988 ufalme mdogo wa Tonga, ulio mbali kusini ya ikweta, uliomba nafasi 16, ukapingwa, ukakubali kubaki na 6, kisha ukazifanyia biashara. Visiwa hivyo, kwa kujaza karatasi, vilipata mapato ambayo mataifa saba hayakuyapata kwa azimio.

Kenya yenyewe ilikuwa na mfano mwingine wa thamani ya ikweta, nao ulikuwa karibu zaidi. Kwenye hori ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia waliokuwa chini ya Profesa Luigi Broglio waliweka majukwaa ya kurushia roketi, na baina ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Faida ya mahali hapo haikuhitaji nadharia: karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, na roketi huanza safari ikiwa imekwisha kupewa kasi hiyo. Mojawapo ya setilaiti hizo, ya Marekani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilichunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, na orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339, kila kimoja kikiwa na alama «4U», ambamo U ni ya neno la Kiswahili. Wanajimu wangali wanaitumia. Hapa haki ya Kenya haikubishaniwa na mtu, kwa sababu ilihusu bahari na pwani yake. Kilichoweza kuulizwa ni kama ilidai malipo na mafunzo ya kutosha kwa haki hiyo, na swali hilo laelekea kuwa zito kuliko lile la kipande cha kilomita 5,000.

Mnamo Januari 1984 Kenya ilijiunga na mkataba wa 1967, kifungu cha pili kikiwa ndani yake. Kolombia haikurudi nyuma hivyo: katiba yake ya 1991 ingali inautaja mzingo huo miongoni mwa sehemu za nchi, ingawa mwaka 2000 nayo ilikubali makubaliano ya kamati ya Umoja wa Mataifa yaliyolenga matumizi ya haki badala ya milki. Katiba ya Kenya ya 2010, inapofasiri maana ya ardhi, yaingiza humo anga iliyo juu ya uso wa ardhi, na haisemi anga hiyo hufika wapi.