Kamera katika Bonde la Yaeda

Tangu Mjerumani Erich Obst alipowazuru Wahadzabe, wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1911, na baadaye Ludwig Kohl-Larsen akawapiga picha katika miaka ya 1930, taswira za watu wa bonde la Yaeda zilikuwa aghalabu milki ya wageni, zikihifadhiwa ng'ambo. Ilipofika mwaka 2003, Canon ilipoiuza kamera yake ya kidijitali EOS 300D pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55 kwa bei isiyofika dola 1,000, chombo hicho kilianza kuwakaribia watu wa kawaida, nami naona ni haki kijana wa kijiji cha Yaeda Chini, bondeni humo, kumiliki chake, hata kikiwa kimekwisha tumika, mradi asibadilishe lenzi penye upepo wa kiangazi, kwa maana vumbi likitua juu ya kihisi kinachonasa mwanga ndani ya kamera, huacha madoa katika kila picha ya mbingu.