Ugonjwa Unaompa Sifa Kila Mganga

Mtu anaamka, anasukutua, maji yanachuruzika upande mmoja wa mdomo. Jicho la upande huo halifumbi. Kwetu watasema kapigwa na upepo, atakandwa, ataletewa kombe, na baada ya wiki chache uso unarudi. Nani atabisha?

Mwaka 1821, Charles Bell, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Edinburgh, aliieleza Royal Society ya London habari za neva za uso, na hali hii ikaja kuitwa kwa jina lake. (Al-Razi wa Uajemi alikuwa ameieleza karibu karne tisa kabla. Majina ya magonjwa hayagawiwi kwa haki.) Ila kuijua neva si kuiponya. Huko Ufaransa, Duchenne aliichochea misuli ya uso kwa umeme, wengine walikanda. Wagonjwa wengi walipona, kwa sababu wengi hupona hata wasipotibiwa. Umeme, mafuta na kombe vikagawana sifa ambayo pengine haikuwa ya yeyote kati yao.

Waliosahaulika katika hesabu hiyo ni wale ambao uso wao haukurudi. Mwaka 1895, Charles Ballance aliiunganisha neva ya uso iliyoharibika na neva inayoinua bega. Uso ulicheza, lakini ulicheza pamoja na bega. Mwaka 1976, Harii na wenzake wa Japani walichapisha njia ya kuhamisha msuli wa paja hadi shavuni, pamoja na mishipa yake ya damu na neva, ili mtu aweze tena kutabasamu.

Swali la nani anaponya kweli lilipata jibu la wazi mwaka 2007, tena Uskoti, kwao Bell. Wagonjwa 551 walianza matibabu ndani ya saa 72. Wengine walipewa prednisoloni, wengine asikloviri, wengine zote mbili, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 9, waliotumia prednisoloni walikuwa wamepona kwa asilimia 94.4, wasioitumia, asilimia 81.6. Asikloviri, iliyotumainiwa sana, haikuongeza kitu.

Hiyo asilimia 81.6 ndiyo iliyowalisha waganga wa kila zama. Zile 13 za juu yake zinategemea kidonge cha bei nafuu, kinachomezwa kabla siku tatu hazijaisha, siku zilezile ambazo nyumbani bado wanatafuta mafuta ya kukandia.